Mistari Iliyopangika

Mimi ni kijana wa Ujiji, nimemaliza kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Riwaya yenyewe bado imo daftarini. Kinachonipa ugali ni kompyuta ya mfanyabiashara mmoja wa dagaa. Humo naingiza majina ya akina mama wanaokopa mzigo katika mialo ya Kibirizi na Ujiji, pamoja na madeni yao.

Majina hayo huyatafuta kwa lugha iitwayo SQL, iliyobuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM na kutangazwa mwaka 1974. Nilijifunza mwenyewe, usiku usiku. Kilichonivutia zaidi ni programu ninayoandikia amri. Ukiuingiza mstari ndani kidogo, kisha ukabonyeza Enta, mstari unaofuata nao unaanzia palepale. Hujagusa kitu! Nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kiswahili, aliyekuwa akinikata maksi kwa kutoingiza aya ndani. Kumbe mashine inafanya yenyewe!

Siku moja bosi akataka orodha ya wadaiwa wa mialo yote miwili, majina tu. Nikaandika: mwalo ni Kibirizi, OR mwalo ni Ujiji. Programu ikaipanga mistari hiyo sambamba, kama mitumbwi miwili iliyofungwa kigingi kimoja. Kisha nikarudi ukingoni, nikaandika: AND deni linazidi sifuri. Kwa macho ilipendeza: kwanza mialo miwili, halafu deni kwa wote. Orodha ikachapwa, ikabandikwa ukutani.

Kesho yake akaingia mama mmoja wa Kibirizi.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akaweka risiti mezani. "Deni nimelimaliza tangu mwezi uliopita. Mwaloni wananicheka. Nimekukosea nini, mwanangu?"

Nikakosa pa kuficha uso. Niliisoma amri yangu mara tatu, macho yakaniambia iko sawa. Ndipo nikakumbuka: katika SQL, AND hutangulia kuunganishwa kabla ya OR, isipokuwa umeweka mabano. Basi deni liliangaliwa kwa wa Ujiji peke yao. Wa Kibirizi waliitwa wote, anayedaiwa na asiyedaiwa. Zile nafasi tupu mwanzoni mwa mistari SQL haizihesabu kabisa. Na programu haikujua nilichotaka kusema. Ilinakili tu mwanzo wa mstari uliotangulia. Nilijidanganya mwenyewe.

Nikaizungushia ile mialo miwili mabano. Orodha ikapungua. Nikaibandua ya kwanza watu wakiona, nikaenda Kibirizi kuomba radhi. Mama alikuwa akianika dagaa.

"Nimesikia," akasema bila kuinua kichwa. "Ila waliosoma jina langu ni wengi kuliko watakaosikia radhi yako."

Ule mpangilio unaweza kuzimwa, lakini sijauzima. Siku hizi natanguliza mabano, na kabla ya kuchapa nalinganisha majina na daftari la risiti, moja moja.

Usiku ule nilifungua riwaya yangu. Aya zote zimeingia ndani vizuri, mwalimu angefurahi. Katika sura ya tatu yumo mama mchuuzi niliyemfanya mwizi, kwa sababu tu hadithi ilihitaji mwizi. Nikarudi mwanzo wa sura, nikatafuta ni wapi hasa aliiba.