Mgonga Dari Aliyetufundisha Kuanguka

Kikosi cha jimnastiki cha shule yetu ya sekondari, pale Kolwezi miaka ya 1970, kilipitia mikononi mwa makocha wanne. Ni mmoja tu kati yao aliyewahi kucheza jimnastiki mwenyewe. Vijana wa Lualaba wakiniuliza habari za enzi zile, hutaka kujua tulishinda nini. Mimi huanza na walikotoka makocha, kwa sababu kila mmoja alitufundisha kile ambacho maisha yake ya nyuma yalimfunza kukipenda, au kukiogopa.

Yule aliyewahi kucheza alikuwa mtawa Mfransisko, Mbelgiji wa Flanders, tuliyemwita Frere. Kwao parokia nyingi zilikuwa na chama cha jimnastiki, naye alikulia humo. Ndiye aliyeagiza farasi wa mbao, pete, na zile baa mbili sambamba. Alifundisha wavulana peke yao. Sisi wasichana tulichungulia madirishani. Alipenda umbo safi: vidole vya miguu vinyooke, mgongo usipinde, mtu atue bila kuyumba. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilipozitwaa shule za misheni, Frere alirudi Ulaya. Vyombo vilibaki.

Filimbi ikaangukia kwa sajenti mstaafu wa Force Publique, jeshi la enzi za ukoloni. Alikuwa miongoni mwa Wakongo waliopita Sudan hadi Ethiopia na kuwashinda Waitalia pale Saio, Julai 1941. Kwake jimnastiki ilikuwa gwaride, na kwenye gwaride hakubagua: wavulana kwa wasichana tulipangwa mistari, tukainua mikono kwa hesabu, tukachuchumaa kwa hesabu. Amri zilitoka kwa Kilingala, lugha ya jeshi, ingawa majumbani mwetu tulisema Kiswahili. "Telema!" alifoka, nasi tukasimama wima. Farasi wa Frere alimfaa kwa kazi moja tu, kuwekea kofia. Lakini alitupa pumzi, akatuzoesha kungoja zamu bila kelele.

Kisha akaja kijana wa animasio. Mobutu alikuwa amezuru China na Korea Kaskazini, na huko aliona vijana wakijaza viwanja na kutembeza miili yao kama mtu mmoja. Haukupita muda, Zaire nzima, Kongo ya leo, ikawa inaimba na kucheza kwa ajili ya MPR, chama tawala, mashuleni, maofisini na migodini; hiyo ndiyo animasio. Kijana huyu alitoka kwenye mafunzo Kinshasa akiwa amevaa suti ya abakosti iliyopigwa pasi, na alitaka vitu viwili: herufi za MPR ziandikwe kwa miili yetu, na piramidi ya watu itakayoonekana kutoka jukwaani siku ya Novemba 24, kumbukumbu ya Mobutu kutwaa madaraka mwaka 1965. Nina deni kwake hata hivyo. Yeye ndiye aliyewaingiza wasichana kikosini, maana kilele cha piramidi kilihitaji mtu mwepesi. Nikawa mimi.

Wa nne hakuajiriwa na mtu. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, na mtoto wake alikuwa kikosini. Tulimwita Baba, kama mtoto wake alivyomwita. Kazi yake ilikuwa kuingia mbele ya wenzake akiwa na chuma kirefu na kugonga dari la mwamba. Jiwe lililoshikamana hulia kwa sauti kali. Lililoachana na mwenzake hujibu kwa sauti ya uwazi, na hilo huangushwa kabla mtu hajapita chini yake. Alikuwa ameishi miaka mingi kwa kusikiliza vitu vinavyotaka kuanguka.

Alipokuja kwetu mara ya kwanza, baada ya zamu ya asubuhi, hakusema neno kuhusu kuruka. Alimzunguka farasi wa mbao akigonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa karibu. Alipata mguu mmoja una ufa uliofichwa na rangi. Tulikuwa tumeurukia huo kwa miezi. Akaomba karakana vipande vya mkanda chakavu wa kusafirishia mawe, akavitandika juu ya magunia ya takataka za randa, ikawa mikeka yetu. Kisha akatufundisha kuanguka: kidevu kifuani, mkono usinyooshwe kuzuia ardhi, bega litangulie, pumzi itoke. Tulianguka mpaka woga ukatuchoka.

Piramidi ndiyo iliyowagonganisha. Kijana wa animasio alitaka ngazi tano.

"Baba, wakubwa watakaa mbali. Ikiwa fupi hawataona kitu."

"Mwanangu, sikatai. Nionyeshe tu nani atamdaka huyu mtoto."

Kijana hakuwa na jibu, ila hakuwa na uwezo wa kurudi nyuma pia. Alikwisha kuwaahidi wakubwa mnara. Sajenti, aliyekuwa akisikiliza, ndiye aliyemaliza neno. Alipanga wavulana wanane kuzunguka piramidi kama walinzi, akawavika kijani cha chama. Ngazi zikawa tatu. Wageni walipiga makofi wakidhani walinzi ni pambo. Nikiwa pale juu niliwaona wageni vizuri, lakini macho yangu yalikuwa kwa wale wanane.

Mei 13, 1978, wapiganaji wa Kikatanga kutoka Angola waliuteka mji. Askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka Mei 19, na mamia ya watu walikuwa wameuawa. Kikosi chetu hakikukusanyika tena. Mwaka 1990, sehemu ya mgodi wa Kamoto ilipoporomoka, Baba alikuwa amekwisha kustaafu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Béla Károlyi, kocha wa Nadia Comăneci, yule binti wa Romania aliyepata kumi kamili Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14. Kumbe Károlyi alikuwa mrusha nyundo na bondia. Yeye na mkewe Márta walianza kwa kufundisha watoto katika mji wa wachimba makaa ya mawe. Sikushangaa. Ila baadhi ya mabinti aliowafundisha walikuja kumlaumu kwa ukali uliopita kiasi. Basi kutoka nje ya mchezo si sifa wala kasoro. Sajenti naye alitoka nje, na asingeujua ule ufa.

Siku hizi Kolwezi ina makocha wenye vyeti, na malori ya machimbo ya Mashamba yakipita yanatikisa madirisha ya ukumbi ambako mjukuu wangu alitaka kuandikishwa. Nilimuuliza kocha wake swali moja: ni lini mtoto aliumia mikononi mwako, na ulibadilisha nini baada ya hapo? Akanionyesha medali. Tulirudi nyumbani, mjukuu akinuna njia nzima, na wiki iliyofuata tukaenda kwa kocha mwingine.