Simi ya "1914" Iliyoshonwa kwa Uzi wa Nyavu

Wasee, mnakumbuka ile simi niliwaonyesha kwa video, nikasema ni ya askari wa KAR wa Vita vya Kwanza vya Dunia? Ni feki. Nimekaa na hiyo siri wiki tatu na imenichosha. Leo natema.

Kwa wale wageni hapa: mimi hukusanya visu na panga za zamani. Nilianza na kisu cha babu, sasa ukutani ziko saba. Hii simi niliuziwa Busia, karibu na mpaka, na mzee mwenye ulimi wa asali. Alisema imetoka kwa familia ya askari, akanionyesha maandishi kwenye chuma: KAR 1914. Bei, elfu nne na mia tano. Hizo ni pesa nilikuwa naweka miezi mitano ninunue maikrofoni. Nikatuma M-Pesa mkono ukitetemeka, nikidhani ni mimi nimempata yeye. Ndivyo mtu huingizwa boksi: unaamini mjinga ni yule mwingine.

Nikaipeleka Malaba kwa fundi wa jua kali anayechomelea trela, anikazie mpini. Akainusa.

"Kijana wangu, hii kutu ni ya asidi ya betri. Ona vile iko sawasawa kila mahali, na inabaki kwa vidole. Kutu ya miaka huwa nyeusi, inakula chuma kwa madoa." Akageuza ala. "Na huu uzi?"

Ulikuwa uzi wa nailoni, ule wavuvi wa Port Victoria hushonea nyavu. Nailoni yenyewe ilitangazwa duniani mwaka wa 1938.

"Ala inaweza kushonwa upya," nikajitetea.

"Inaweza. Lakini hizi namba zimekatwa na grainda. 1914 stima ya grainda ilitoka wapi?"

Usiku huo nikasoma kile ningefaa kusoma kabla ya kulipa. KAR iliundwa 1902, na askari wake walibeba bunduki na singe. Simi ni silaha ya morani wa Kimaasai. Dakika kumi za kusoma zingeniokolea elfu nne na mia tano.

Na msidhani chuma chenyewe ni takataka. Simi nyingi za ukweli hufuliwa kutoka kwa panga kuukuu au springi ya lori. Aliyefua hii anajua kazi yake. Angeniambia "nimeitengeneza juzi, leta elfu moja," ningelipa nikicheka. Uongo uko kwa hadithi, na hadithi ndiyo nilinunua.

Sasa ile sehemu mbaya. Kuna jamaa wa upande wa Uganda, mkusanyaji kama mimi, aliona video akaniahidi shilingi elfu sita za Kenya. Singehitaji hata kudanganya, ningenyamaza tu. Nilimwambia anipe siku mbili. Kusema kweli, nilikuwa nimeshapanga vile nitatumia hizo pesa.

Kesho yake kijana wa kidato cha nne kutoka Amagoro akaniandikia. Alikuwa ameenda kwa mzee yule yule kwa sababu yangu. Alikuwa ameuza kuku wake, akalipa elfu tatu. "Bro, yangu pia imeandikwa KAR 1914. Ni ndugu?"

Nilisoma hiyo meseji mara nne.

Nikampigia jamaa wa Uganda nikamwambia ukweli. Akacheka sana, akasema na yeye ako na mbili kama hiyo kwa nyumba. Nikarudi kwa mzee pamoja na yule kijana. Mzee akaapa kwamba hata yeye aliuziwa hivyo hivyo, akatoa elfu moja, akasema hana zaidi. Huenda ni kweli. Hizo elfu mbili zilizobaki nimemwahidi kijana nitalipa mimi, mia tano kila mwezi. Ya kwanza ilitoka jana.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea, ili mwingine asiende kuuza kuku.

Simi bado iko ukutani, na karatasi: "Busia, mwaka huu. Fundi hajulikani." Kabla hujanunua cha kale, nusa, angalia uzi, na mwonyeshe fundi asiyeuza chochote.

Na wewe, uliwahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Ulimwambia nani?