Kujifunza Kupika Ukubwani: Kumbukumbu ya Moba

Katika Moba, mji wa Kongo ulio kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Baudouinville, upishi ulikuwa elimu ya utotoni waliyopewa wasichana peke yao. Binti alianza kwa kutumwa maji na kuchochea moto, akaendelea hadi kuchambua ndagala, yaani dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa, na alipokabidhiwa mwiko hakuna aliyeweza kusema alifundishwa lini. Mvulana aliyezoea kukaa jikoni aliambiwa aende ziwani kwa wanaume wenzake. Mwandishi wa kumbukumbu hii alilelewa katika utaratibu huo, na hadi utu uzima alijua ladha ya kila chakula cha kwao pasipo kujua hata kimoja kinavyopikwa.

Utaratibu huo ulivunjwa na vita vilivyoanza Agosti 1998. Wakazi wengi wa Moba walikimbilia kaskazini mwa Zambia, wakapokelewa katika kambi za Mwange na Kala, ambako mgao ulikuwa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi, na kila mwenye kadi alipewa chakula chake kibichi. Mwanamume aliyetengana na mkewe njiani, au kijana aliyewapoteza dada zake, alilazimika ama kupika au kuwa mzigo kwa jirani ambaye mgao wake mwenyewe haukumtosha. Hivyo ndivyo wanaume wengi walivyoshika mwiko kwa mara ya kwanza, mwandishi akiwa mmoja wao, na ni haki kusema kwamba njaa iliwasukuma kabla ya fikra yoyote mpya juu ya kazi za mume na mke. Upishi wenyewe ulikuwa mwepesi, kwa sababu unga ulifika umekwisha kusagwa na maharage hayadai zaidi ya kuni na subira.

Walioanza kurejeshwa mwaka 2007 kwa meli kutoka bandari ya Mpulungu nchini Zambia, chini ya HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walikuta kwamba ujuzi wa kambini hauwatoshi nyumbani. Moba inakula bukari, yaani ugali, ambao mara nyingi huchanganywa mahindi na muhogo, na muhogo mchungu una sumu ya sianidi isiyoondoka kwa kupikwa tu. Mizizi humenywa, hulowekwa majini siku tatu au nne hadi ilainike, huondolewa nyuzi, huanikwa juani, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Palipo na njaa watu hufupisha siku za kuloweka, na pale ambapo mlo hauna samaki wala maharage matokeo yanaweza kuwa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, magharibi mwa Kongo.

Hapo ndipo tofauti ya mwanafunzi mzima na mtoto ilipojionyesha. Mtu mzima huuliza idadi: siku ngapi, vikombe vingapi. Mama jirani aliyemfundisha mwandishi hakujibu kwa idadi hata mara moja, alichukua kipande cha muhogo kutoka ndani ya pipa, akakibonyeza kwa kidole gumba, na kidole kilipozama bila kukwama akasema, “Sasa, baba, toa.” Jibu hilo lilikuwa na elimu zaidi kuliko lilivyodhaniwa, kwa kuwa maji ya baridi huchelewesha kuchachuka, na kwa hiyo siku zinazotosha kule bandarini Moba penye joto huenda zisitoshe kwenye vijiji vya nyanda za juu za Marungu. Bukari nayo ilifundishwa vivyo hivyo: unga wa mahindi hutangulia na kuchemka kama uji, wa muhogo hufuata sufuria ikiwa bado juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na mpishi husonga kwa nguvu za mabega hadi bukari iache kushika ukingo.

Leo si ajabu tena Moba kumwona mwanamume akikaanga ndagala aliowaosha kwa maji ya vuguvugu hadi mchanga wa ufuoni uishe, na vijana walioishi kambini hawaoni haya. Mabadiliko hayo, hata hivyo, yamekomea kwenye kinu. Sombe, majani ya muhogo yanayopikwa kwa muda mrefu pamoja na mawese, hudai kwanza kutwangwa hadi yawe laini kabisa, na wanaume wanaojivunia upishi wao bado hununua majani yaliyokwisha kutwangwa na mama fulani, ambaye nyumbani kwake kazi hiyo haijawahi kuhama kutoka mikononi mwake.