Babu Kagoma Kupasuliwa, Roho Yangu Juu

Wadau, leo siyo umbea wa mastaa. Ni babu yangu, huku Kiwengwa, mtu wa sigara tangu ujana. Tumbo likawa linadunda kama moyo umehamia kitovuni. Ultrasaundi ikaonesha mshipa mkuu wa damu umevimba, kama tyubu ya baiskeli iliyochoka: sentimita 6. Kwa wanaume, ukifika 5.5 madaktari hushauri upasuaji, wanatia bomba la kitambaa maalumu. Ukipasuka wenyewe, wengi hawafiki hospitali, na kutoka huku mpaka mjini ni safari. Einstein ulimpasukia, akakataa kisu, akafa 1955 na miaka 76. Nikamwambia babu. Kanijibu, "Huyo alikuwa mzee, mjukuu wangu." Yeye ana 79! Boti ya Dar ni Jumatatu, begi lake nimeshalipanga kimyakimya. Nyie wazee wenu mliwashawishije?