Galaksi Iliyoonekana Kongwe Kuliko Muda Wake

Likizo iliyopita tulipokuwa kigangoni kwa kazi za kichungaji, mafrateri watatu, katekista wetu alituuliza jioni moja baada ya Rozari: "Mafrateri, hizo nyota za mbali, mnajuaje ipi changa na ipi kongwe?" Tulimjibu haraka mno. Tukasema rangi yatosha: nyota kubwa za buluu huungua upesi kama moto wa mabua, ndogo nyekundu hudumu kama gogo. Galaksi ikibaki na wekundu mtupu, nyota zake zimezeeka. Mzee akaridhika.

Sisi hatukulala vizuri. Sote tulikuwa tumesoma habari za 53W091, na hakuna aliyeitaja.

Galaksi hiyo ilipatikana kwa mawimbi yake ya redio. Bahati nzuri mawimbi yenyewe ni hafifu. Katika galaksi za redio zenye nguvu, mng'ao wa kitovu na gesi huchanganyika na mwanga wa nyota hata usijue unapima nini. Mwaka 1996 James Dunlop na wenzake, kwa kutumia darubini ya Keck huko Hawaii, walitangaza kwamba nyota zake zilikuwa na umri wa miaka isiyopungua bilioni 3.5 mwanga huo ulipoondoka. Balaa! Kwa hesabu iliyopendwa siku hizo, ya ulimwengu wenye maada tu, ulimwengu wenyewe ulikuwa bado haujafikisha umri huo. Mtoto amemzidi mama.

Wengine walipima upya wakapata miaka chini ya bilioni 2, kwani wingi wa metali ndani ya nyota nao huleta wekundu, sawasawa na uzee. Kisha mwaka 1998 supernova zikaonyesha kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, na kwa hesabu ya leo ulimwengu wakati ule ulikuwa na miaka bilioni 4 hivi. Nafasi ikapatikana. (Padre Georges Lemaître alikwisha kukutana na mgongano wa namna hiyo, Dunia ikionekana kongwe kuliko ulimwengu, na aliing'ang'ania ile namba ya Einstein ambayo mwenyewe alikuwa ameitupa.)

Asubuhi tulimfuata mzee, tukakiri kwamba rangi peke yake haitoshi na kwamba tulilijua hilo tangu jana. Alikuwa na daftari la wakatekumeni mbele yake. Akasema wengi huja bila tarehe ya kuzaliwa, naye hatazami mvi. Huuliza ulizaliwa kabla ya daraja kujengwa au baada, na anayemfuata mtu huyo kwa kuzaliwa ni nani.

"Basi nyota nazo zina majirani wa kuulizwa," akasema, akatusogezea kalamu tumwandikie majina, maana macho yake yamechoka.