Msiba Usio na Matanga

Mwaka 1983, kwenye kisiwa cha Malabar huko Aldabra, nchini Shelisheli, alionekana ndege mmoja mdogo mwenye manyoya ya kijivu na hudhurungi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona mwingine wa aina yake. Mwaka 1994 ikatangazwa rasmi kwamba ndege wa aina hiyo wametoweka.

Wanasayansi walikuwa wamewatambua mwaka 1967 tu. Kujuana kwetu nao kulidumu miaka 16, na muda wote huo walioonekana walikuwa wachache mno. Makao yao yalikuwa ukanda wa vichaka kando ya bahari, urefu wake kama kilomita 2, upana wake mita 50, usiofikia hata upana wa uwanja wa mpira. Duniani kote hawakuwa na kwao kwingine.

Inaaminika kwamba waliowamaliza ni panya waliofika na vyombo vya mabaharia. Panya hupanda vichaka, wakala mayai na makinda. Mbuzi na paka walioletwa na binadamu nao waliongeza dhiki. Hakuna aliyekusudia kuwaangamiza ndege hawa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi: tunaweza kuufuta uhai wa aina nzima bila chuki, bila bunduki, kwa kushusha mizigo tu na kwenda zetu.

Tena Aldabra haikukosa watetezi. Katika miaka ya 1960 Uingereza ilitaka kujenga uwanja wa ndege za kijeshi pale. Wanasayansi wakapinga, na mpango ukaachwa. Mwaka 1982 Aldabra ikawa Urithi wa Dunia. Makobe wake wakubwa wapatao laki moja wangalipo, na hiyo ni heshima kubwa kwa waliowapigania. Lakini ndege wa Malabar hakufaidi. Panya walikuwa wametangulia, na ulinzi ukaja nyuma yao.

Hata kisiwani Pemba ziko aina nne za ndege wasiopatikana penginepo: ninga, bundi, chozi na kinengenenge wa Pemba. Bado wako hai, na msitu wa Ngezi ni miongoni mwa makao yao. Tuwalinde sasa, tungali tunawasikia. Aliyetoweka hafufuliwi kwa cheti cha urithi.