Nitafurahi Nikipata Kazi, Nitafurahi Nikipata Gari

Wasee wa Sisibo, leo nina neno moja na najua kuna mtu litamuudhi. Hii stori ya "nitafurahi nikipata" imenichosha. Nitafurahi nikipata kazi, nikihamia Elgon View, nikienda Diani na mabesti. Mimi nina miaka 24, nimemaliza chuo, na CV yangu imeingia ofisi nyingi kuliko mimi mwenyewe. Hakuna aliyepiga simu. Sasa nikingoja barua ya kazi ndio nicheke, nitacheka mwaka gani?

Sisemi pesa si kitu. Anayekuambia hivyo hajawahi kusikia mwenye nyumba akigonga mlango tarehe tano. Kodi ni kodi. Lakini kuna watu wana pesa na bado wanangoja, na hapo ndipo mimi hushtuka.

Besti yangu mmoja alienda Doha, ni mlinzi huko. Ana mshahara, anatuma nyumbani kila mwezi. Nilidhani atakuwa akinitumia picha za maghorofa. Wapi! Juzi ametuma ujumbe wa sauti: "Buda, hebu nirekodie makonda wa Langas wakiita watu." Nikasimama steji nikamrekodia sekunde 40 hivi. Langas, Langas, wawili twende, mama ingia na mzigo. Honi, matusi kidogo, mtu anauza soksi. Akanijibu amesikiliza mara nne kabla ya kuingia zamu. Mimi hupita pale kila siku na muziki masikioni! Huyu jamaa amepata ile kitu sisi wote tunaitafuta, na anachotamani ni kelele za steji.

Shida yetu nyingine ni kwamba tumelelewa kwa mji wa mabingwa. Tangu Agosti 2024 sisi ni jiji rasmi, lakini sifa ya mabingwa tulikuwa nayo kitambo, na hapa mtoto anajua medali kabla ya kujua hesabu. Tunaona siku ya kushinda tu. Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 2019. Hizo ni saa mbili kasoro. Miaka na miaka nyuma yake ni kambi ya Kaptagat, mbali na familia siku za wiki, na zamu ya kuosha choo kama mtu mwingine yeyote. Halafu amka mapema siku moja uende barabara ya Iten, ile siku baada ya mazoezi magumu. Utawakuta wakimbiaji wakienda polepole mpaka unajiuliza kama ni hao kweli. Wanapiga stori. Wanacheka. Hakuna kamera wala mtu wa kuwapigia makofi, ni wao na vumbi jekundu tu.

Mimi natengeneza video, kwa hivyo hili litawashangaza: vitu vizuri vya siku yangu siposti. Kuna mama wa mahindi choma ambaye hunichagulia lile laini bila kuulizwa, anapaka pilipili na ndimu, na ananiuliza kama nimekula chochote tangu asubuhi. Kuna Sosiani baada ya mvua, jua likishuka. (Mto wenyewe umejaa taka, tusidanganyane. Lakini ule mwanga!) Na kuna mamangu akichambua managu huku akibishana na redio, anacheka peke yake. Simu ikitoka tu, anarekebisha kitambaa na kuuliza anaonekana vipi, na kile kicheko kimeenda. Basi huwa naiacha mfukoni.

Wiki hii nimetuma maombi mengine mawili ya kazi. Wakiita, mtasikia nikipiga nduru mpaka Huruma.

Saa hii mawingu yamejaa upande wa Kaptagat na nguo ziko kwa kamba. Acha nikaanue.